Kabla Hujafuta Plagini, Soma Kosa

Katika kazi hii ya kutengeneza tovuti hapa Nairobi, hakuna ushauri unaoniudhi kama huu kuhusu plagini, zile programu ndogo za kuongeza kazi kwenye tovuti: "Futa plagini, halafu uisakinishe upya." Hutolewa haraka haraka, tena na mafundi wenye uzoefu, kwa mwenye duka ambaye saa hiyo hiyo anapoteza wateja. Plagini nyingi za WordPress, mfumo wa kutengenezea na kuendesha tovuti, ukizizima tu, mipangilio hubaki. Ukizifuta, baadhi huondoka na kila kitu, pamoja na funguo za kuunganisha malipo. Aliyekuwa na tatizo moja sasa ana mawili.

Na mara nyingi jibu lilikuwa limeandikwa pale pale kwenye skrini. Ukiona cURL error 28 (cURL ni programu ambayo seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti yako, huitumia kuwasiliana na seva nyingine), seva ilingoja jibu hadi muda ukaisha. Namba 6 inasema anwani ya upande wa pili haikupatikana, kwa hiyo anza na DNS, mfumo unaogeuza jina la tovuti kuwa namba ya seva yake. Namba 60 ni cheti cha usalama kukataliwa, na huenda seva yako ndiyo iliyozeeka: tarehe 30 Septemba 2021 cheti mama cha zamani kilichotegemewa na Let's Encrypt, huduma inayotoa vyeti hivyo bure, kilipokwisha muda, seva ambazo hazikuwa zimesasishwa zilishindwa kuunganishwa na tovuti zisizo na kasoro yoyote. Hapo hata usakinishe plagini mara ngapi, hali itabaki ile ile.

Kuna mama anayeuza leso Biashara Street, na duka lake la mtandaoni hupokea malipo kwa M-Pesa. Alinipigia akiwa amechoka kweli. "Fundi, pesa inaingia, lakini oda inasema bado inasubiri malipo. Wateja wananiita mwizi." Alikuwa ameshaambiwa afute plagini. Nikamwomba asiguse kitu.

Maneno yake yalikuwa yameshatoa nusu ya jibu. Pesa kuingia kuna maana mteja ameletewa ombi la PIN kwenye simu, yaani tovuti imeweza kutuma ujumbe nje, na funguo ni sahihi. Kinachokosekana ni taarifa ya kurudi, ile ambayo mfumo wa malipo huituma kwenye anwani maalumu ya tovuti baada ya pesa kuingia. Kwa hiyo hatukufungua plagini kabisa, tulifungua kumbukumbu za seva, ambako kila ombi linalofika huandikwa. Mstari wenyewe ulikuwa hapo: POST (ombi linaloleta taarifa), anwani ya plagini, kisha 403 (limekataliwa). Chini yake mwingine wa namna hiyo, na mwingine. Taarifa zilikuwa zikifika mlangoni, ulinzi wa seva unazifukuza.

Kampuni inayohifadhi tovuti ilikuwa imebadilisha kanuni zake za ulinzi bila kumwarifu mteja. Tuliomba ruhusa kwa anwani ile moja tu. Kuna mafundi ambao hapo wangezima ulinzi wote, na hilo nalipinga kwa nguvu zangu zote, kwa sababu anwani inayopokea taarifa za malipo ndiyo ambayo tapeli angependa kuitumia kuleta taarifa za uongo. Oda zilizokwama tulizilinganisha moja moja na taarifa za M-Pesa, leso zikatumwa.

Kama huna kumbukumbu za seva, WordPress yenyewe inaweza kukuandikia makosa ya PHP, lugha ya programu inayoiendesha: washa WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG ndani ya wp-config.php, kisha usome debug.log kwenye wp-content. Ukimaliza zima, ulifute na faili hilo, maana linaweza kusomwa na watu wa nje. Tangu toleo la 5.2 la mwaka 2019 kuna pia ukurasa wa afya ya tovuti, ambao mafundi wengi hawaufungui kamwe.

Kwa kampuni za kuhifadhi tovuti nina ombi moja. Ulinzi wenu ukizuia kitu, mwenye tovuti akione kwenye akaunti yake: saa, anwani, na kanuni iliyozuia. Yule mama analipia huduma hiyo kila mwaka, na hakustahili kujua kwa kutukanwa na wateja.