Njia za Wamongolia na mateka waliopita humo

Kwa karne nyingi Wamongolia walisimuliwa kama wachomaji miji na basi. Miaka ya karibuni upepo umegeuka: Genghis Khan, mwanzilishi wa milki yao, anasifiwa kuwa ndiye aliyeunganisha dunia, akafungua njia za biashara kutoka China hadi Bahari Nyeusi na kuruhusu kila mtu aabudu atakavyo. Sifa hizo zina ukweli mwingi, ila zinaruka jambo moja ambalo mimi siwezi kuliruka.

Haki yao kwanza. Alipotawazwa mwaka 1206, Genghis Khan alilipanga jeshi kwa makumi, mamia, maelfu na makumi elfu, akichanganya watu wa koo mbalimbali ili utii uwe kwake, si kwa ukoo. Baadaye ukaenea mtandao wa vituo vya wajumbe, yam: mjumbe anashuka kwenye farasi aliyechoka, anapanda mwingine aliye tayari, na kibao cha chuma alichobeba kinampa haki ya chakula na malazi. Hiyo si kazi ya washenzi. Ibn Battuta, msafiri wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, miaka michache baadaye alikuwa kambini kwa Uzbeg Khan, mtawala wa Kimongolia wa nyika ya magharibi, akistaajabia heshima waliyopewa wanawake huko.

Sasa Merv, mji mkubwa wa Asia ya Kati ambao Wamongolia waliuteka na kuwaua watu wake mwaka 1221. Mwanahistoria wa Kiajemi Juvayni aliandika kwamba maiti zilizohesabiwa zilizidi 1,300,000. Ni vigumu kuiamini idadi hiyo, na watetezi wa Wamongolia husema habari hizi ziliandikwa na walioshindwa. Hoja hiyo hainitoshi. Juvayni alikuwa mtumishi wao. Hulagu, mjukuu wa Genghis, alimkabidhi Baghdad aitawale baada ya mji huo kutekwa mwaka 1258 na Khalifa al-Musta'sim kuuawa. Kama alitia chumvi, hakufanya hivyo kwa kuwa adui yao. Na hofu ilikuwa sehemu ya mbinu zao za vita: mji uliosikia habari za Merv ulifikiria mara mbili kabla ya kufunga malango.

Ni Hulagu huyohuyo ambaye mwaka 1259 alimwezesha mwanazuoni wa Kiajemi Nasir al-Din al-Tusi kuanza kujenga kituo kikubwa cha kutazama nyota huko Maragheh, Uajemi. Wanaowasifu Wamongolia hupenda kukitaja, na wana sababu.

Lakini waliobeba ujuzi huo wote ni nani? Mwaka 1254 mtawa William wa Rubruck aliona mti wa fedha katika kasri la Möngke Khan, ndugu yake Hulagu na mtawala mkuu wa Wamongolia, huko Karakorum, mji wao mkuu. Mizizini palikuwa na simba wanne wa fedha wakimwaga maziwa ya farasi, juu malaika mwenye tarumbeta, na mabomba yaliyotoa divai, pombe ya asali na pombe ya mchele. Aliyeuunda ni Guillaume Boucher, sonara wa Paris, ambaye hakwenda Karakorum kutafuta soko. Alitekwa Hungaria. Vivyo hivyo Samarkand ilipoanguka mwaka 1220, mafundi walitengwa na wengine, wakagawiwa kwa wana na jamaa za Khan. Wafanyabiashara huru walikuwapo, tena wengi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya huo "muungano wa dunia" ilipita katika mikono ya watu waliong'olewa kwao kwa nguvu, na anayeusifu bila kuwataja anasifu mali ya wizi.

Najua jibu: milki gani haikufanya hivyo? Ni kweli, na ndiyo maana sikubali pia wanaoitenga nyika, makao ya wafugaji kama Wamongolia, kama chimbuko la ukatili wa pekee. Nyika yenyewe iliumizwa. Baybars alikuwa kijana wa Wakipchaki, wafugaji wa nyika ya magharibi, aliyeuzwa utumwani wakati Wamongolia walipoivuruga nchi yao. Alifika Misri akawa Mamluki, yaani askari mtumwa, na mwaka 1260 huko Ain Jalut, Palestina, alikuwa miongoni mwa makamanda waliolishinda jeshi la Hulagu.