Picha isiyo na mwenyewe

Kivuli cheusi kwenye karatasi nyeupe, bila macho wala jina, na bado hapakuwa na Mkenya aliyeuliza ni cha nani. Mchoraji katuni anayejulikana kama Kibet Bull aliweka mtandaoni vivuli vya Rais William Ruto mwishoni mwa 2024. Watu wakavichukua, wakavigeuza, wakavipachika walipotaka. Krismasi ikafika mchoraji mwenyewe hajulikani aliko. Alirejea nyumbani mapema Januari 2025.

Tangu hapo nimekuwa nikisikia lawama mbili kuhusu sanaa hii ya upinzani ya mtandaoni, na zote zinatoka kwa watu wazima wenye busara zao, si vibaraka wa serikali. Ya kwanza: hiyo si sanaa, ni matusi yaliyopakwa rangi. Ya pili: hata ikiwa sanaa, ni kelele za watu waliolala kitandani na bando, haibadilishi kitu. Nitaanza na ya pili, maana ndiyo inayokosea zaidi.

Anayeitoa huanza kuhesabu tarehe 25 Juni 2024, siku waandamanaji wa kupinga kodi mpya walipoingia Bungeni. Lakini kazi ilikuwa imeanza kabla. Mswada wa Fedha wa mwaka ule uliandikwa kwa Kiingereza cha mawakili, kile ambacho hata aliyesoma anakipitisha macho tu. Watu wakauchambua kifungu kwa kifungu kwenye TikTok, huyu kwa lugha ya kwao, yule kwa Sheng, mwingine kwa lugha ya ishara. Mtaalamu mmoja wa programu akatengeneza roboti ya akili unde (AI) uliyoweza kuiuliza maswali kuhusu mswada ikakujibu. Mama muuza chai hakujua habari za kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwenye mkate kwa sababu alisoma gazeti rasmi la serikali. Alijua kwa sababu mwanawe alimwonyesha video ya dakika moja, pengine ya kuchekesha, pengine yenye mchoro mbovu kabisa.

Sasa ifungue Katiba ya 2010. Kifungu cha 10 kinataja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, na cha 118 kinalitaka Bunge liwezeshe umma kushiriki katika shughuli zake. Liwezeshe, si liruhusu tu. Kwa miaka mingi neno hilo limetimizwa kwa tangazo la gazetini na kikao cha nusu siku ambacho wahudhuriaji wake ni walewale. Hata majaji hawakukubaliana ushirikishwaji wa kutosha ni upi: tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023, upungufu wa ushirikishwaji ukiwa miongoni mwa sababu, na Oktoba Mahakama ya Juu ikairudisha. Wakati mawakili wanabishana kizimbani, umma ulikuwa umekwisha kujishirikisha wenyewe, bila posho ya kikao.

Ndiyo maana siwezi kuiita kazi ile kelele. Wala sikubali kwamba sanaa ilikuwa pambo lililobandikwa juu ya siasa. Kufasiri sheria ikawa wimbo, ikawa bango, ikawa mchezo wa sekunde 40 ambao jirani ataurudia kwa maneno yake, hiyo ndiyo sanaa yenyewe.

Kenya ilikwisha kuwa na sanaa ya upinzani yenye wenyewe. Mwaka 2012 mwanaharakati Boniface Mwangi na wachoraji wenzake walimchora mwanasiasa kama tai mla mizoga kwenye kuta za katikati ya Nairobi. Mwaka uliofuata wakapeleka majeneza, kisha nguruwe, mbele ya Bunge. Kazi kali, yenye ujasiri. Lakini sisi wengine tulikuwa watazamaji. Tulisimama kando ya barabara, tukapiga picha, tukaenda kazini. Mwaka 2024 mtazamaji alishika brashi. Wengi hawakujua kuishika, na sitajifanya mabango yalikuwa mazuri: herufi zimebanana, na akili unde ikachora ngumi ya mwanamapinduzi yenye vidole sita. Haidhuru.

Lawama ya kwanza ina uzito zaidi, na baadhi yake naikubali. Namba za wabunge ziliposambazwa ili watu "wakawasalimie", simu iliyolia usiku kucha haikumwamsha mheshimiwa peke yake. Ilimwamsha na mtoto wa chumba cha pili. Picha za akili unde zilizomlaza rais kwenye jeneza nazo zilinikaa vibaya. Nimelelewa kutomfanyia mtu aliye hai mzaha wa kifo. Utaniambia majeneza ya 2013 yalikuwa yaleyale. Hayakuwa. Yale yalichongwa, yakabebwa begani na watu waliojua uzito wake, na yaliwakilisha Bunge zima. Hili la mashine linatokea kabla aliyeliagiza hajafikiri mara mbili. Kivuli ni kitu kingine. Kivuli ni fumbo, na malenga yeyote wa pwani angelitambua: mchoraji hasemi, wewe mtazamaji ndiye unayemalizia uso, na ukishaumalizia umekuwa mshiriki wake.

Kuna hoja nyingine ambayo bado inanisumbua. Rais alikataa kuutia saini mswada tarehe 26 Juni. Desemba ileile akatia saini marekebisho ya sheria za kodi, na baadhi ya mapendekezo ya Juni yakarudi humo. Wachambuzi wa TikTok walikuwa wamechoka, au wanazika wenzao, au wanaogopa. Bunge lina kalenda na makarani wanaolipwa kila mwezi. Umati hauna. Anayesema mtandao husahau upesi hajasema uongo.

Ila namba ninayoshindwa kuiacha ni 82. Hao ndio watu ambao Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilisema, mwishoni mwa Desemba 2024, kwamba walikuwa wametekwa nyara tangu Juni. Iweke kando ya maelfu kwa maelfu waliosambaza picha zilezile. Hakuna dola inayoweza kuwachukua maelfu, kwa hiyo lazima achaguliwe mmoja, kama kijana wa Embu aliyepotea baada ya kusambaza picha ya jeneza. Picha ilikuwa ya wote mpaka ilipohitaji mtu wa kuilipia. Tarehe 27 Desemba rais alisema utekaji utakomeshwa, akawataka wazazi wawajibikie watoto wao. Wazazi wepi? Wengi wao ndio hao walioeleweshwa mswada na watoto.

Mfano wa mwaka uliofuata unanishangaza zaidi kwa sababu haukuwa na tusi hata moja. Msanifu programu mmoja alitengeneza ukurasa ambapo ungebonyeza kitufe, barua pepe ya kupinga Mswada wa Fedha wa 2025 ikaenda Bungeni, Bunge lenyewe likiwa ndilo huomba maoni. Alikamatwa tarehe 30 Mei 2025, akalala ndani sikukuu ya Madaraka, akashtakiwa chini ya sheria ya uhalifu wa kompyuta. Juni 20 hakimu akasema mashtaka yale hayaonyeshi kosa lolote. Kwa wanaosema vijana waache matusi wafuate utaratibu, huo ndio uliokuwa utaratibu.

Jambo hili si geni kwetu. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu kwa waraka wa 1968, "Kenya: Twendapi?", uliopita mikononi mwa watu wengi. Wasomaji walikuwa wengi. Kifungo kilikuwa cha mmoja. Mtandao umeongeza wasomaji, na umewapa baadhi yao njia ya kuchangia gharama. Julai 2024 mahakama moja ya wilaya ya Rungwe, Tanzania, ilimhukumu mchoraji kijana miaka miwili jela au faini ya shilingi milioni 5 kwa video iliyomwonyesha akiichoma picha ya rais. Watu wasiomjua wakachanga mtandaoni, faini ikalipwa, akatoka. Mwezi uliofuata familia yake ikaripoti kwamba amechukuliwa na watu wasiojulikana, na safari hii hapakuwa na namba ya kutumia mchango.