Muumini Hukua Anapoulizwa

Mkristo anaweza kukaa kanisani miaka 20, akazijua nyimbo zote bila kushika kitabu, na bado akawa na hasira ileile na woga uleule aliokuja nao. Jambo hilo linanihuzunisha kuliko viti vitupu. Lawama huenda haraka kwa mhubiri: mahubiri mepesi, neno halina kina. Wakati mwingine ni kweli. Lakini naamini tatizo kubwa ni kwamba waumini wengi hawana hata mtu mmoja wa kuwauliza wanaendeleaje na Mungu, kisha akatulia kusikiliza jibu.

Mahubiri husemwa kwa wote. Mhubiri akigusa habari ya kusamehe, naweza kuitikia amina huku moyoni nikimtaja mwingine anayestahili kuyasikia maneno hayo. Ibada ikiisha, nani atanifuata aniulize kama nimekwenda kwa ndugu niliyekosana naye?

Msomeni Apolo katika Matendo 18. Alikuwa msemaji hodari katika Maandiko, akinena kwa ujasiri ndani ya sinagogi la Efeso, ila aliujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila, mke na mume waliofanya kazi ya kushona mahema, walimsikia, wakamchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Hawakumkosoa mbele ya mkutano. Naye, pamoja na ufasaha wake wote, alikubali kufundishwa. Sijui kama sisi tuliozoea kushika kipaza sauti tungekubali.

Historia ya kanisa ina mfano mwingine ninaoupenda. Mwaka 1742, mjini Bristol, Uingereza, wafuasi wa John Wesley, mhubiri aliyeanzisha Umethodisti, walikuwa wakitafuta namna ya kulipa deni la jengo lao. Ikapendekezwa kila mshirika atoe peni moja kwa wiki, nao wagawanywe katika makundi ya watu kama 12, kila kundi likiwa na kiongozi wa kupita kwa washirika kukusanya. Viongozi walipoanza kupita, wakakuta mambo yasiyoonekana kwenye ibada: huyu anagombana na mkewe, yule amelewa. Wesley akatambua kwamba amepata kile alichokihitaji kwa muda mrefu. Makundi yaliyoundwa kwa ajili ya deni yakawa makundi ya kuulizana hali ya roho kila wiki, kuonyana na kuombeana. Umethodisti ulikua juu ya msingi huo.

Kwa hiyo nikiulizwa kanisa lianzie wapi, nitasema: vikundi vidogo ambamo kila mtu anajulikana kwa jina na kwa mzigo wake. Vingi tayari vipo, ila vimegeuka vikao vya matangazo na michango. Salamu, wimbo, taarifa ya mweka hazina, sala ya kufunga. Hakuna aliyesema lolote la kweli kuhusu maisha yake.

Na hawatasema kama siri hazitunzwi. Mtu akifungua moyo Jumatano, akakuta habari zake Jumapili mlangoni mwa kanisa, hatarudi kufunguka tena, na wenzake waliokuwepo watakuwa wamejifunza kunyamaza. Kiongozi wa kikundi asiyeweza kuzuia ulimi wake aondolewe, hata kama anasali kwa machozi. Vivyo hivyo anayewaamulia watu waoe nani au wahame kazi lini. Kuuliza hali ya mtu si kumtawala.

Biblia isomwe humo kwa utaratibu. Tumezoea kuchukua aya moja moja, tukaziacha nyaraka walizoandikiwa watu halisi wenye ugomvi na hofu kama zetu. Waraka kwa Wafilipi una sura nne tu. Usomwe wote kwa sauti katika kikao kimoja, kisha kila mmoja aseme ni wapi umemgusa na wiki hii atafanya nini. Injili ya Marko, kwa sura moja kila wiki, huchukua wiki 16. Swali la kwanza la kikao kinachofuata liwe lilelile kila mara: ulichosema utafanya, umekifanya? Kiongozi ajibu kwanza, mbele ya wote, ndipo awaulize wengine.