Kanisa moja, hesabu mia mbili

Ukigusia dini kwenye mazungumzo, hukawii kurushiwa hii: Wakristo wana madhehebu zaidi ya 33,000, ilhali Wabuddha wanaishi kwa amani, kila mmoja na njia yake. Basi nikataka kujua hao 33,000 walihesabiwaje.

Idadi hiyo ilienezwa na ensaiklopidia ya Ukristo duniani ya mwaka 2001, na humo madhehebu yamehesabiwa nchi kwa nchi. Kwa hiyo Kanisa Katoliki, lenye Papa mmoja na katekisimu moja, limeingia zaidi ya mara 200. Waanglikana wa Kenya, Uganda na Tanzania ni madhehebu matatu. Ongeza makanisa ya kujitegemea, ambayo mengine yalizaliwa siku mchungaji alipokosana na wazee wa kanisa kuhusu sadaka. Hesabu si ya uongo, ila kinachohesabiwa ni miundo ya uongozi, si imani.

Ugomvi wa imani wenyewe una sura nyingine. Jumapili, Mkatoliki wa Nairobi anakiri kuwa Roho Mtakatifu hutoka kwa Baba "na Mwana". Mwothodoksi wa mji huohuo anaishia kwa Baba. Vijineno viwili tu, na ni miongoni mwa yaliyotenganisha kanisa la Roma (Wakatoliki) na la Konstantinopoli (Waothodoksi). Hadi leo hawashiriki meza moja. Inasikitisha, sikatai. Lakini kanuni ya imani iliyobaki wanaikiri wote, tangu mwaka 381. Nani hubishania neno moja na mtu asiyesoma naye ukurasa mmoja?

Sasa mtazame mtawa wa Theravada, tawi moja la Ubuddha, kule Sri Lanka: kanuni 227, hana mke, mchana ukipinduka hali chakula tena, anang'oa tamaa kwa jitihada zake mwenyewe. Kando yake mkalishe mfuasi wa Shinran, Mbuddha Mjapani wa karne ya 13 aliyekuwa mtawa kisha akaoa, akafundisha kuwa jitihada zako hazikufikishi popote: tegemea nadhiri ya Amida, Buddha aliyeapa kuwaokoa wanaomtegemea. Luther na Papa hawakuachana umbali huo, na warithi wao walitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki, Augsburg, 1999.

Hata hivyo Wabuddha wana lao la kujivunia. Yijing, msafiri Mchina wa karne ya 7, aliwakuta India watawa wa Mahayana, tawi jingine kubwa la Ubuddha, na wasio wa Mahayana wakifuata kanuni zilezile za utawa. Tofauti ilikuwa nani anasoma sutra (maandiko) zipi na kuwaabudu bodhisattva, walio njiani kuwa Buddha ili kuwaokoa wengine. Kwao mgawanyiko hasa ni watawa kujitenga katika ibada ya pamoja, si kuwaza tofauti. Ulaya ya karne ya 16 isingeuweza uvumilivu huo. (Ingawa mwaka 1536 huko Japani watawa Wabuddha wa Mlima Hiei waliteketeza mahekalu ya Wabuddha wenzao, wafuasi wa mwalimu Nichiren, mjini Kyoto.)

Kwa hiyo ukitaka kuwaona Wabuddha wakigombana, usiulize kuhusu nirvana, yaani kuzimika kwa tamaa na mateso, uliza nani anaruhusiwa kuvaa joho. Thailand ilikataza mwaka 1928 watawa kuwapa wanawake daraja la utawa. Wanawake wa Kithai husafiri hadi Sri Lanka, wakapewa huko, kisha wakarudi nyumbani na joho ambalo baraza la watawa wa nchi yao halilitambui.