Lakabu hutolewa na watu

Siku hizi mtangazaji akitaka kutaja jina la pili la msanii atasema "a.k.a.", ilhali Kiswahili kina neno lake la siku nyingi: lakabu. Inaniuma kuona neno zuri hivi limebaki kwenye madaftari ya fasihi simulizi, linafundishwa na methali na vitendawili, kisha mtihani ukipita linasahauliwa.

Tumelitoa kwenye Kiarabu, laqab. Huko halichanganywi na jina la kuzaliwa, wala na kunya, lile la "Abu fulani" au "Ummu fulani". Lakabu hutaja sifa, cheo, hata kasoro ya mtu. Salahuddin aliyeutwaa Yerusalemu mwaka 1187 jina lake hasa ni Yusuf. Na kwa kuwa lakabu yaweza kuumiza, Kurani katika Surat al-Hujurat, aya ya 11, inawakataza waumini kuitana kwa lakabu mbaya. Neno lenyewe limo humo katika wingi wake, alqab.

Kwetu nguvu yake naiona zaidi kwa Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja. Nyumbani aliitwa Mtumwa. Hebu fikiri mtoto kuitikia jina hilo kila siku! Siti, yaani bibi wa heshima, alikuja kuitwa ukubwani kwa ajili ya sauti yake, na ndilo jina alilokwenda nalo Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Mtumwa likafutika midomoni mwa watu.

Carl Peters, Mjerumani aliyezunguka bara akikusanya mikataba ya kutwaa ardhi, naye alipata yake: Mkono wa Damu. Hakuna ajichaguliaye jina kama hilo.

Ndiyo maana sikubali lakabu ifanywe sawa na jina la kujipachika. Kijana akijiita mfalme kabla hajapata msikilizaji hata mmoja, hilo ni jina la kupanga, na ana haki nalo. Lakabu wanaitoa watu waliokuona ukitenda.

Ningependa basi waandishi wa wasifu waache kuipitia lakabu kwa haraka. Hamed bin Muhammed, yule mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, tunamwita Tippu Tip. Wapo wasemao ni mlio wa bunduki zake, wapo wasemao ni macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Mabishano hayo yanastahili ukurasa mzima.