Katibu Hana Waifai

Ijumaa mchana laptopu yangu mpya ilikuwa haina waya. Kufika Jumapili ilikuwa imefungwa kwenye simu kwa waya mfupi, kama mbuzi wa Idi chini ya mwembe, na wajumbe kumi na wanne wa kamati ya harusi wameizunguka wanasubiri iseme.

Nirudi nyuma kidogo. Mimi ni katibu wa kamati ya harusi ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Ukatibu sikuuomba. Kikao cha kwanza nilichelewa, na ukweni ukichelewa unakuta vyeo vimeshagawanywa, kimebaki kile chenye kazi. Daftari la ahadi likawa langu. Laptopu ya zamani nayo ikaumwa bawaba, kioo kikawa kinashikiliwa na gundi na dua, ndipo nikajikaza nikanunua mpya. Nyembamba, nyepesi, prosesa ya AMD Ryzen. Pembeni ina vitundu viwili vya USB, cha HDMI, cha memori kadi na cha kuchajia, basi. Lile tundu la waya wa mtandao tulilozoea halipo.

"Siku hizi nani anatumia waya, bosi?" muuzaji akaniambia. Nikacheka naye. Kile kicheko nakijutia.

Ilikuja na Windows yake, inakwenda vizuri, waifai inashika mpaka chooni. Mwenye akili angeishia hapo. Lakini mimi ni mtu wa Linux, mfumo wa kompyuta unaoshika nafasi ya Windows, na sisi tuko kama waliookoka juzi: hatupandi daladala bila kushuhudia. Nimeshamweleza hata mama mwenye nyumba kwamba Ubuntu, Linux ninayotumia, ni ya bure, ilianza 2004, na jina lenyewe ni la ndugu zetu wa kusini, ndiyo utu wetu huu huu. Alinisikiliza kwa utulivu, kisha akanikumbusha kodi.

Ijumaa usiku, watoto wamelala, nikachomeka flashi ya GB 8 yenye Ubuntu 24.04. Ikiwaka inakupa nafasi ya kuijaribu kwanza bila kugusa diski: unasikiliza sauti, unaangalia kama waifai ipo, ukiridhika ndiyo unaiweka. Hatua hiyo nimewahimiza watu wengi kweli. Mwenyewe nikairuka, kama mpishi asiyeonja mchuzi wake. Ikaniuliza: tuiache Windows ikae pembeni, au tufute diski yote? Nikachagua kufuta. Mke wangu alikuwa anapita na kikombe cha chai.

"Baba watoto, una uhakika?"

"Mama, hii si mara yangu ya kwanza."

Akatikisa kichwa akaenda kulala. Alijua kuliko mimi kwamba mara zote zilizopita nazo ziliishia usiku wa manane.

Haikuchukua muda. Linux ikawaka, safi, inang'aa. Nikapeleka mshale kona ya juu kulia, panapokaa ile alama ya waifai inayofanana na upepeo. Hakuna upepeo. Nikafungua mipangilio, nikaambiwa hakuna kifaa cha waifai kilichoonekana. Hakijaonekana vipi? Mchana nilikiona kwa macho yangu kikishusha video.

Nikafungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri. Nikaandika rfkill list, amri inayoonyesha redio zote za mashine na ipi imezimwa. Kimya. Hata bluetooth haikuitika. Nikaandika lspci -nnk, ambayo ni kama kuita mahudhurio: kila kifaa kinatajwa jina, chini yake mstari unaosema draiva, yaani programu, gani inakiendesha. Kadi ya sauti, ina draiva. Kadi ya picha, inayo. Hata kile kisomeo cha memori kadi ambacho sijawahi kukitumia maishani, kinayo. Kadi ya waifai imetajwa jina, imetajwa namba, na pale pa draiva hakuna kitu. Mtoto kaandikishwa shule, mlezi hajulikani.

Kwa wasiojua: kwenye Linux draiva nyingi hukaa ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo. Kama chipu yako inafahamika humo, inaamka bila hata wewe kujua. Kama haifahamiki, kwa sababu aliyeitengeneza aliandika draiva ya Windows tu akaenda zake, unaweza kuisomea hitima na isishtuke. Kampuni siitaji. Diski nilifuta mimi, si wao.

Sasa, ili kutafuta draiva ya intaneti unahitaji intaneti. Nikachukua simu, nikaichomeka kwa waya wa USB, nikawasha kugawa mtandao kwa njia ya waya. Papo hapo ikakubali. Linux iliyoikataa kadi iliyozaliwa nayo tumbo moja ikaipokea simu ya mtumba yenye ufa kwenye kioo, bila swali hata moja.

Usiku ule nilisoma kila ushauri uliowahi kuandikwa na binadamu. Mmoja wa mwaka 2009 ulisema nitumie ndiswrapper, ujanja wa zamani wa kuivisha Linux draiva ya Windows kama mtu anayeingia harusini kwa kadi ya jirani. Mwingine ukasema sasisha firimuwea, zile programu ndogo zinazopakiwa ndani ya vifaa. Nikakubali kabla ya kusoma ukubwa: mzigo wenyewe unapita MB 300. Wakati huohuo Ubuntu, ambayo kwa mawazo yake imechomekwa kwenye waya wa ofisi tajiri, ikaanza kujisasisha chinichini bila kuniomba ruhusa. Saa saba usiku simu ikatetemeka. "Ndugu mteja..." Sikumalizia kusoma. Barua inayoanza na Ndugu mteja haijawahi kuwa na habari njema.

Jumamosi asubuhi nikampigia mpwa wangu anayesomea kompyuta chuoni, nikiwa tayari ndani ya daladala kuelekea Kariakoo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nina kadi ya waifai haina draiva." Nikamsomea namba.

Akanyamaza. Kisha nikasikia mtu anacheka akiwa ameziba simu kwa mkono. "Mjomba, hiyo kwa kerneli uliyonayo usahau. Itoe, weka ya Intel. Andika: AX210. Mbili, moja, sifuri. Ila mjomba, kuwa makini sana, usije ukachukua ile ya..."

"Gerezani! Gerezani mwisho, shusha!" konda akapiga bodi la gari. Simu ikakatika, na mimi nikaridhika kwamba la muhimu nimelipata.

Duka lenyewe lilikuwa na upana wa mlango wake. Kijana akatoa kadi mbili, vijipande vya milimita 22 kwa 30, sawa kama mapacha. "Hii AX210. Hii AX211. Hii ya pili ni mpya zaidi, bosi. Moja zaidi, na bei inaongezeka elfu tano tu."

Moja zaidi. Nani anakataa moja zaidi? Nikalipa, nikaondoka nimevimba kifua, nikimhurumia mpwa wangu kwa kupitwa na wakati.

Jioni nikatandika kanga mezani, nikaanza upasuaji. Skrubu kumi zinaonekana, mbili zimejificha chini ya miguu ya mpira. Hizo mbili nilizigundua baada ya kuvuta mfuniko mpaka ukalia kama muwa. Kadi ya benki iliyokwisha muda ikafanya kazi ya kupenyeza pembeni. Nikachomoa betri kwanza, hapo nilikuwa na akili. Kadi ya waifai imelala kwenye kona, imeshikwa na kiskrubu kimoja, na juu yake nyaya mbili za antena, nyeusi na nyeupe. Kila waya una kichwa cha dhahabu kidogo kama punje ya ulezi. Unakiinua kwa ukucha, kinatoka kwa mlio mdogo, tk. Kutoa ni rahisi. Kurudisha ndiyo shughuli: kichwa lazima kikae juu ya kitako chake sawasawa ndipo ukibonyeze, na ukikosea nywele moja unakiponda. Nilishusha pumzi, nikalenga, kikateleza. Nikalenga, kikateleza. Jasho likanidondoka puani likatua juu ya ubao. Mtoto wangu wa pili, ana miaka sita, akasimama pembeni akaniangalia kwa muda, akaniuliza kama anaweza kujaribu. Nikamwambia aende akacheze, hii ni kazi ya wakubwa. Baada ya robo saa nikamwita. Akabonyeza mara moja. Tk. Ya pili, tk. Akarudi kwenye katuni.

Kiskrubu kikaanguka. Tukakitafuta nyumba nzima tumepiga magoti kwa tochi za simu, mke wangu akakikuta ndani ya kikombe changu cha chai. Sikuuliza kilifikaje.

Nikafunga. Nikawasha. lspci.

Safari hii haikutajwa kabisa. Ile ya zamani ilikuwa bubu. Hii ilikuwa maiti. Nikazima, nikawasha. Nikafungua tena, skrubu kumi na mbili, nikaisukuma vizuri kwenye tundu lake, nikafunga. Maiti.

Saa tatu usiku nikampigia mpwa.

"Mjomba, umenunua ipi?"

"AX211. Mpya zaidi."

Safari hii hakuziba simu. Alicheka mpaka nikasikia wenzake wa bwenini wanauliza kuna nini. Alipopata pumzi akanieleza alichotaka kusema pale konda alipomkata. AX211 si kadi nzima. Ni nusu kadi: sehemu kubwa ya ubongo wake inakaa ndani ya chipu za Intel kwenye kompyuta yenyewe, na mashine yangu ni ya AMD, washindani wao. Inaingia kwenye tundu bila shida, skrubu inakaa, antena zinakaa, lakini upande wa pili hakuna wa kuzungumza naye. AX210 ndiyo iliyokamilika, na Linux inaifahamu tangu kerneli 5.10. Kumbe nimelipa elfu tano zaidi nikapewa kiatu cha mguu wa kushoto. (Jumatatu nilirudi kubadilisha. Upepeo ulitokea pale kona ya juu kulia kabla sijarudisha skrubu ya sita. Lakini Jumatatu ilikuwa mbali sana.)

Kwa sababu Jumapili saa kumi jioni kamati ilikuwa inakutana kwangu, na mwenyewe, kwa mdomo wangu, nilikuwa nimewaahidi kumleta shangazi wa Muscat kwenye TV. Huyu shangazi ndiye tegemeo. Bajeti ya ukumbi na chakula ilikuwa imeandikwa kwa kalamu ya risasi ikimsubiri yeye. Tukapanga Zoom, saa zao kumi na moja.

Kikao cha saa kumi kilianza saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo hakikuchelewa sana. Waya wa HDMI ukaenda kwenye TV, waya wa chaja ukutani, waya wa USB kwenye simu, na simu ikaning'inizwa dirishani kwa kibanio cha nguo maana pale ndipo mtandao unashika. Mwenyekiti, mjomba wake mke wangu, akaitazama ile mitambo.

"Katibu, hii si ndiyo ulisema haina waya?"

Mjumbe wa mapambo akashauri tumpigie shangazi kwa simu tu. Nikamweleza kwamba simu ndiyo mtandao wenyewe. Akaitazama simu iliyobanwa kwenye pazia, akaguna.

Shangazi akatokea. Sura nzima, kioo kizima, ushungi na miwani, amependeza. Watu wakashangilia. Salamu za mmoja mmoja zikachukua dakika ishirini, akauliza na wagonjwa, akawalilia na waliotangulia. Kisha akakaa sawa, na sebule ikawa kimya mpaka feni ikasikika.

"Basi wanangu, mimi kama shangazi yake, ukumbi nauchukua. Naahidi milioni..."

Simu ikaanza kuita pale dirishani. Simu yangu, ikiingia simu, intaneti inakata. Shangazi akaganda kwenye TV, mdomo wazi, kidole juu.

Nikairukia. Mpwa.

"Shikamoo mjomba! Vipi, waifai imeshika?"

Nikiwa bado nahangaika kumrudisha shangazi hewani, alikuwa ameshaacha ujumbe: kwao kumeadhiniwa magharibi, ameshasema lake, tuendelee salama. Sura yake iliyoganda ilikuwa bado ipo kwenye TV, na kamati ikahamia kwenye mdomo. Mwenyekiti akasema mdomo ule ni wa "saba". Mweka hazina, mtu mwangalifu, akasema yeye anaona "tatu". Wa chakula akasogea mpaka kwenye kioo, akaujaribu kwa mdomo wake mwenyewe, akarudi kukaa akisema ni tano bila shaka yoyote. Hakuna aliyethubutu kumuuliza mwenyewe. Utamuulizaje mtu mzima kiasi alichokwisha kutamka?

"Katibu, andika," mwenyekiti akasema.

Nikafungua daftari. Nikaandika: Shangazi, Muscat, milioni. Na pale pa tarakimu nikaacha wazi, kama pale pa draiva.