Kabla ya kununua reale, nunua mizani

Ukizunguka maduka ya vitu vya kale Mji Mkongwe, Unguja, au soko la Mutrah kule Muscat, hutakosa kuoneshwa reale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia aliyetawala Austria. Muuzaji ataidondosha juu ya kioo uisikie inavyolia, atakuonesha mwaka 1780, kisha atataja bei. Kwa maoni yangu, mlio na mwaka ndivyo vitu viwili ambavyo anayeanza kukusanya sarafu za fedha hapaswi kuvitegemea.

Tuanze na mwaka. Maria Theresa alifariki Novemba 1780, lakini wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na wa pwani yetu walishaizoea sura yake, hawakutaka nyingine. Basi reale ikaendelea kugongwa kwa mwaka uleule huko Vienna, na baadaye Roma, London, Paris, Brussels, hata Bombay. Vienna wanaigonga mpaka leo. Kwa hiyo ipo reale iliyotoka kiwandani juzi ambayo si bandia, ni madini ya fedha kweli, ila si ya kale na haistahili bei ya kale. Mnunuzi mgeni huchanganya mambo hayo mawili, na muuzaji mjanja hana haraka ya kumfafanulia.

Mlio nao hauthibitishi kitu. Zipo metali za bei rahisi zinazolia vizuri tu.

Uzito ndio mgumu kuudanganya. Reale inatakiwa iwe na gramu 28.07 na kipenyo cha karibu milimita 40. Fedha ni sehemu 833 katika 1,000, iliyobaki shaba. Bandia ya shaba na nikeli yenye ukubwa huohuo itaishia kama gramu 24 na nusu. Mtengenezaji akitaka uzito utimie, itabidi aifanye nene au pana kupita kiasi, na rula itamuumbua. Iliyochakaa hupungua kidogo, sawa, lakini hapo hata nywele za malkia ziwe zimelika. Sura kali na uzito pungufu haviendi pamoja.

Kisha itazame ukingoni, mahali wengi hawatazami. Pawe na maneno IUSTITIA ET CLEMENTIA yaliyoinuka, yanayosomeka. Bandia iliyomiminwa kwenye kalibu badala ya kugongwa mara nyingi ina vitundu vidogo, herufi butu, pengine na mstari wa maungio ukingoni. Ukikuta sinia lenye reale mbili zenye mkwaruzo uleule mahali palepale, angalau moja ni nakala. Na zile zilizotobolewa kwa ajili ya mkufu msizidharau: chungulia ndani ya tundu, rangi ya shaba au ya risasi itajitokeza pale mng'aro wa juu ulipoishia.

Sumaku ikiinasa, achana nayo. Isipoinasa, bado hujajua chochote, maana shaba na risasi nazo hazinasi. Sonara atakupimia, lakini atakwambia kama ni fedha tu, na siku hizi kuna bandia za fedha kweli.

Jambo jingine: shilingi ya Afrika Mashariki yenye simba. Za 1921 hadi 1946 zina fedha robo tu, na za kuanzia 1948 hazina kabisa, lakini zote huuzwa kwa jina moja la "fedha ya mkoloni".

Muuzaji asiyetaka sarafu yake iwekwe kwenye mizani, mshukuru kwa kahawa uende zako.